Jinsi ya kuangalia kazi za mwisho za John Hurt bila kupotea njiani

Watu wengi wanamjua John Hurt kwa vitu viwili tu, yule mzee anayeuza fimbo za uchawi kwenye Harry Potter, na yule jamaa anayepasuliwa kifua na kiumbe wakiwa mezani wanakula kwenye Alien ya 1979. Vyote vizuri, ila ukiishia hapo umekosa mengi sana, manake huyu mzee miaka yake kama 17 ya mwisho alifanya kitu ambacho sijaona mwigizaji mwingine akikifanya vizuri hivyo: alirudi kwenye nyuso zake za ujanani moja baada ya nyingine na kuzijibu. Sa ukiziangalia hizo kazi za uzeeni peke yake hulioni hilo, unaona tu mzee mwenye makunyanzi na sauti nzito anapita kwenye muvi ya watu dakika kumi anaondoka. Ndo maana nimekaa niandike hii, ili mtu anayetaka kuanza aanze vizuri.

Kanuni yenyewe ni moja, angalia kwa jozi. Kazi ya ujanani kwanza, alafu ya uzeeni inayoendana nayo, ikiwezekana wiki hiyo hiyo kabla sura haijakutoka kichwani. Usijaribu kufuata orodha yake yote kuanzia mwanzo, huyu ameanza kuonekana kwenye filamu 1962 na kazi zake zingine zimetoka hata baada ya kufa kwake Januari 2017, hutoboa. Mi nilijaribu hivyo mwanzoni nikakwama kwenye muvi za miaka ya 60 ambazo hazikuwa na kazi nyingi kwake.

Kabla hujagusa jozi yoyote anza na ufunguo, na ufunguo ni Krapp's Last Tape. Hii ni tamthilia fupi ya Samuel Beckett ya 1958, ya mtu mmoja tu. Mzee anaitwa Krapp, siku anayotimiza miaka 69, amekaa mezani na rekoda ya tepu. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa anajirekodi akielezea mwaka ulivyokwenda, sasa leo anatoa tepu aliyojirekodi akiwa na miaka 39 na anaisikiliza. Basi, hiyo ndo hadithi yote. Hurt alianza kuicheza mwishoni mwa miaka ya 90 kwenye ukumbi wa Gate pale Dublin, akaipeleka London, alafu mwongozaji Atom Egoyan akaigeuza filamu ikatoka 2000, hiyo ndo utaitafuta. Ni kama saa moja tu lakini usiidharau.

Jinsi ya kuiangalia: usiku, zima taa, weka hedifoni, simu iweke chumba kingine. Mwanzo hakuna maneno kabisa kwa dakika kadhaa, mzee anapekua madroo, anatoa ndizi, anaimenya, anaila huku amesimama kama sanamu, ganda analiacha sakafuni na unajua kabisa litamrudia. Usisogeze mbele. Hapo ndo unajifunza mikono yake na macho yake, na ukishazijua hizo mikono utazitambua kwenye muvi zingine zote hata akiwa amekaa nyuma ya watu. Kuna mahali analitamka neno spool, yani ile gurudumu ya tepu, analivuta mdomoni kama mtoto anayenyonya pipi, uso wote unafunguka, alafu sekunde mbili baadae umefungwa. Na sauti ya kwenye tepu ni yake pia, lakini ni ya kijana anayejiamini, anaongea haraka, ana mipango. Mzee anaisikiliza akiwa ameinamia rekoda, sikio linakaribia kugusa mashine, mkono umeikumbatia. Wakati anaishuti alikuwa na miaka kama 60 hivi, hajafika umri wa Krapp. Alipoirudia jukwaani New York Desemba 2011 alikuwa na 71, yani alishampita.

Ukishaiona hiyo, kila jozi inayofuata utaiangalia kama Krapp na tepu yake. Hiyo ndo sababu inatangulia.

Jozi ya kwanza, na rahisi kuliko zote kuielewa, ni Nineteen Eighty-Four ya 1984 na V for Vendetta ya 2005. Kwenye ya kwanza yeye ni Winston Smith, karani mkondefu anayeishi chini ya utawala unaomchungulia kila saa kwenye skrini ukutani, na kila pahali kuna lile lisura la mkubwa linamtazama. Waliishuti London kati ya Aprili na Juni 1984, miezi ile ile ya kwenye riwaya ya George Orwell iliyozaa filamu hiyo. Kwenye ya pili miaka 20 imepita na Hurt ndo ameingia ndani ya skrini, ni Adam Sutler, kiongozi mkuu wa Uingereza iliyogeuka ya kidikteta, lisura kubwa linalojaza ukuta, linawafokea mawaziri wamekaa gizani mezani. Aliyekuwa anatazamwa sasa ndo anatazama. Wakati unaangalia V kumbuka shingo ya Winston, ile shingo nyembamba, alafu tazama meno ya Sutler yanavyokuja karibu na kamera. Na kitu kingine usikipite kwenye Nineteen Eighty-Four: anayemtesa Winston ni Richard Burton, na hiyo ndo filamu ya mwisho ya Burton ya sinema, alifariki Agosti mwaka huo huo kabla haijatoka. Kwa hiyo Hurt akiwa na miaka 44 alisimama mbele ya mkongwe anayemalizia, akamtazama kwa karibu kabisa kwenye chumba kimoja jinsi kazi ya mwisho inavyofanywa, kwa sauti ya chini bila kukimbia. Mi naamini alichukua kitu pale.

Jozi ya pili ndo napenda kuliko zote, ila inahitaji utulivu. The Naked Civil Servant ya 1975 na An Englishman in New York ya 2009, zote za televisheni, zote anacheza mtu mmoja halisi, Quentin Crisp, shoga wa Kiingereza aliyeishi waziwazi London miaka ya 30 na 40, nywele amepaka rangi, kucha amepaka rangi, wakati sheria ya nchi ilikuwa bado inawafunga watu kama yeye (ilikuja kulegezwa 1967). Watu walimwonya Hurt asiichukue hiyo kazi itamuua kisanii, akaichukua, akapata tuzo ya BAFTA, zile tuzo kubwa za filamu na televisheni za Uingereza, ya mwigizaji bora upande wa televisheni na hapo ndo jina lake lilikaa sawa. Sasa fikiria, miaka 34 baadae anaombwa amrudie mtu yule yule, safari hii Crisp ni mzee, amehamia New York 1981 akiwa na zaidi ya miaka 70, anaanza maisha upya. Crisp halisi alifariki Novemba 1999 akikaribia kutimiza 91.

Namna ya kuziangalia hizi mbili: usiziunganishe siku moja. Angalia ya 1975, lala, kesho yake angalia ya 2009. Zingatia mwendo. Kijana anatembea barabarani kama mtu anayejua anaweza kupigwa wakati wowote (na anapigwa), kidevu juu, hatua za polepole za makusudi. Mzee anatembea na kidevu kile kile, lakini hatua sasa ni za polepole kwa sababu nyingine, mwili umechoka, na huwezi kusema ni wapi hasa madaha yanaishia na uzee unaanzia. Hakuna vipodozi vinavyoweza kukupa hiyo, ni mtu amembeba mhusika miaka 34.

Jozi ya tatu ni ya mapadri, hii zote mbili ni za uzeeni, na hapa inabidi ujue kitu kuhusu nyumbani kwao. Hurt alizaliwa Chesterfield, Derbyshire, tarehe 22 Januari 1940, baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Anglikana. Mtoto wa mchungaji, na kuna kipindi nyumba yao ilitazamana na jengo la sinema na hakuruhusiwa kwenda. Ukishalijua hilo weka Shooting Dogs ya 2005. Ni Rwanda, Aprili 1994, yeye ni Father Christopher, padri mzee kwenye shule ya ufundi ya ETO pale Kigali ambapo watu zaidi ya 2,000 wamekimbilia kwa sababu kulikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa, alafu askari wakaondoka wakawaacha. Waliishuti pale pale shuleni, na kati ya waliofanya kazi kwenye filamu walikuwemo manusura wenyewe. Ni ngumu kuiangalia, nakwambia mapema, kama wewe au wa kwenu mmeguswa na yale mambo usiiweke usiku ukiwa peke yako. Hurt haigizi ushujaa hata kidogo. Padri wake kachoka, anakasirika, kuna wakati anagawa komunyo huku unamwona hana uhakika kama inasaidia kitu, lakini mkono unaendelea kugawa. Mzungu mzee kwenye hadithi ya mauaji ya Waafrika ni kitu ambacho kingeweza kuharibu filamu nzima, na bado wapo wanaoilaumu kwa hilo, mi nadhani Hurt ndo anaibeba isianguke kwa sababu hajipi ukubwa.

Alafu nenda Jackie, ya 2016. Huyu tena ni padri, anaongea na mjane wa Rais Kennedy, Natalie Portman, siku chache baada ya mauaji ya 1963. Hana jina, ni padri tu. Dakika zake ni chache sana, mara wanatembea nje kwenye baridi, mara wamekaa, mama anamhoji Mungu gani huyu na padri hana majibu ya kwenye kitabu. Anamwelezea Yesu na yule kipofu. Na kuna pahali anakiri kwamba hata yeye usiku akipanda kitandani na kuzima taa anajiuliza kama maisha ni haya tu. Tazama anavyolisema, hakuna tone la huzuni ya kuigiza, anaongea kama mtu anayekwambia njia ya kwenda stendi. Aliishuti hiyo akiwa tayari alishagundulika na saratani ya kongosho.

Basi hizo ndo jozi tatu kubwa. Kuna na ndogo ndogo, mfano sauti. Hurt alikuwa na sauti ambayo Waingereza waliitamani kila mahali, na hapa jozi yako ni The Elephant Man ya 1980 na kazi za sauti za uzeeni. Kwenye The Elephant Man uso wake wote umefunikwa na vipodozi vilivyochukua kama masaa 7 au 8 kuvipaka, kilichobaki ni jicho na sauti, na alifika kwenye orodha ya Oscar kwa jicho na sauti (mara ya pili, ya kwanza ilikuwa ya Midnight Express ya 1978). Alafu nenda sirizi ya Merlin ya BBC, 2008 mpaka 2012, yeye ni joka lililofungwa minyororo chini ya ngome, hutamwona hata mara moja, unamsikia tu. Ukipenda hizo kuna pia Human Planet ya 2011 ambapo yeye ndo msimuliaji. Hizi unaweza kusikiliza huku unafanya kazi zingine, hakuna shida.

Sasa namna ya kushughulika na zile sehemu fupi, manake uzeeni ndo zilikuwa nyingi. Kosa la watu ni kusogeza mbele kumtafuta yeye. Usifanye hivyo, sehemu fupi inapata uzito kutokana na kile kilichoizunguka. Tinker Tailor Soldier Spy ya 2011 ni mfano mzuri, yeye ni Control, mkuu wa majasusi wa Uingereza, anaondolewa kazini mwanzoni kabisa na anakufa, basi. Lakini muvi nzima inatembea na kivuli chake. Anatokea kwenye kumbukumbu za wenzake, na nyumbani kwake panakutwa vipande vya chesi vimebandikwa picha za wale aliokuwa anawashuku, kwa gundi ya karatasi, mzee peke yake usiku anacheza na sura za marafiki zake. Ukisogeza mbele hiyo hutaielewa. Snowpiercer ya 2013 ya Bong Joon-ho pia hivyo hivyo, yeye ni Gilliam, mzee wa behewa la mwisho la treni, amekosa mkono na mguu, na sababu ya kukosa utaijua mbele huko, siisemi hapa. Only Lovers Left Alive ya mwaka huo huo ni vampaya mzee anayekaa Tangier, nzuri, tulivu. Za Hellboy na Indiana Jones ya 2008 ziangalie kama una muda, yuko sawa ila hakuna aliyempa kitu cha kutafuna.

Doctor Who iweke peke yake. Sirizi hii ya BBC ni ya msafiri wa nyakati anayeitwa Doctor, ambaye hubadilika sura badala ya kufa, ndo maana anachezwa na waigizaji tofauti. Ilikuwa inatimiza miaka 50 mwaka 2013, mwandishi Steven Moffat alimtaka Christopher Eccleston, aliyewahi kuwa Doctor, arudi, akakataa, basi akabuniwa Doctor mpya kabisa ambaye hakuwahi kutajwa, yule aliyepigana vita na kuacha hata kujiita Doctor. Akapewa Hurt, akiwa na miaka 73. Huhitaji kuangalia miaka 50 ya sirizi, angalia dakika za mwisho za The Name of the Doctor ya Mei 2013, anageuka tu kutazama kamera, alafu epsodi ya The Day of the Doctor iliyotoka 23 Novemba 2013. Uzuri wake ni kwamba kwa sura yeye ndo mkubwa lakini kwenye hadithi ni mdogo kwa wenzake wawili, Matt Smith na David Tennant, hao ni yeye mwenyewe wa baadae. Ni Krapp imegeuzwa kichwa chini, mzee anakutana na sauti zake za kesho badala ya za jana. Wakiwa wamefungwa kwenye mnara wa London anapanga mahesabu ya kuuvunja mlango ambayo yatachukua mamia ya miaka, alafu kumbe mlango haukufungwa. Ona uso wake pale. Baadae akaendelea na huyo Doctor kwenye michezo ya kusikiliza ya kampuni ya Big Finish, maboksi manne kuanzia mwisho wa 2015, la nne limetoka Februari 2017, mwezi mmoja baada ya yeye kufariki.

Sehemu ya mwisho ifuate kwa tarehe, hapa mpangilio ni muhimu. Juni 2015 alitangaza mwenyewe kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba ataendelea kufanya kazi. Julai akaenda kasri la Windsor kupokea cheo cha Sir kutoka kwa Malkia. Oktoba mwaka huo akasema saratani imetulia. Julai 2016 alikuwa acheze The Entertainer na Kenneth Branagh ukumbi wa Garrick, London, kama Billy Rice, msanii mzee mstaafu wa majukwaa ya zamani, akalazimika kujitoa kwa ushauri wa madaktari, nafasi ikachukuliwa na Gawn Grainger. Alikuwa pia acheze Neville Chamberlain kwenye filamu ya Darkest Hour, yule waziri mkuu wa Uingereza aliyeachia kiti Mei 1940 na kufa kwa saratani Novemba mwaka ule ule, mwaka ambao Hurt kazaliwa. Hakuweza, akaingia Ronald Pickup. Naomba ukiangalia Darkest Hour mheshimu Pickup, kafanya kazi nzuri sana, ila hautaacha kufikiria yule mwingine. Hurt alifariki 25 Januari 2017 nyumbani kwake karibu na Cromer, Norfolk, siku tatu baada ya kutimiza 77.

Baada ya hapo weka That Good Night, iliyotoka Uingereza 2018. Ndo sehemu yake kuu ya mwisho, Ralph, mwandishi wa filamu aliyewahi kuwa na jina, anaishi Ureno, anajua anakufa, anataka kumalizana na mwanae. Imeshutiwa kule Algarve kwenye jua kali. Muvi yenyewe sio kubwa, kuna maongezi yamenyooka mno, lakini ombi langu ni hili: usikae unautafuta ugonjwa kwenye uso wake. Nimeona watu wanaiangalia hivyo, wanasimamisha picha, angalia alivyokonda, angalia macho. Anacheza mtu mkorofi, mwenye majivuno, anayewaumiza watu wanaompenda, na anahangaika sana asikufanye umwonee huruma. Mpe hiyo. Ukianza kumwangalia kama mgonjwa unamnyang'anya kazi aliyotoka kitandani kuifanya. Kuna pale anabishana na Charles Dance, ambaye anakuja na suti nyeupe kama mgeni asiyealikwa, wazee wawili wamekaa kivulini wanarushiana maneno, tazama jinsi Hurt anavyosikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, sikio mbele, kama pale kwenye rekoda.

Kama huna nafasi ya yote haya, una usiku mmoja tu, basi fanya hivi: Krapp's Last Tape yote bila kusimamisha, alafu vile vipande vya padri kwenye Jackie. Na kama ukilala ukaamka bado sauti iko kichwani, anza na The Naked Civil Servant.